Sixto Rodriguez: Nyimbo Zilizovuka Bahari Bila Mwenyewe

Sixto Díaz Rodriguez alizaliwa tarehe 10 Julai 1942 mjini Detroit, katika jimbo la Michigan, Marekani. Alikuwa mtoto wa sita katika familia ya wahamiaji kutoka Meksiko, na jina lake linatokana na hesabu hiyo. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Wameksiko wengi waliohamia kaskazini kufuata ajira za viwandani, wakati Detroit ikitengeneza magari ya nchi nzima. Mama alifariki Sixto akiwa na umri wa miaka mitatu tu, na malezi yakabaki mikononi mwa baba na ndugu. Nyumbani kulikuwa na gitaa, naye akaanza kulipiga angali kijana.

Detroit ya utoto wake ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki nane. Kufikia alipokuwa mtu mzima, viwanda vilikuwa vimeanza kuhama na mitaa ya katikati ya mji ilikuwa ikipoteza wakazi. Julai 1967 zilizuka ghasia zilizoua watu 43 katika muda wa siku tano, na baada ya hapo wenye uwezo wakazidi kuhamia vitongojini. Rodriguez hakuhama. Karibu kila alichokiandika kilitoka katika mitaa hiyo: wauza dawa za kulevya, wapangaji wanaodaiwa kodi, wanasiasa waongo, wasichana waliochoka mapema, polisi na makanisa. Hakuwa mtunzi wa mapenzi matupu, ingawa mapenzi yamo. Aliutazama mji kwa jicho la mtu anayeufahamu kwa miguu, na maneno yake yalikuwa makavu kuliko sauti yake, ambayo ilikuwa laini na isiyo na haraka.

Mwaka huohuo wa 1967 alitoa santuri yake ya kwanza ya nyimbo mbili, kupitia kampuni ndogo ya hapo Detroit iitwayo Impact, iliyokuwa ya Harry Balk. Wimbo mkuu ulikuwa "I'll Slip Away", na jina lililochapwa kwenye santuri lilikuwa Rod Riguez, kana kwamba jina la Kimeksiko lingewafukuza wanunuzi. Santuri haikuuzika. Mkataba wa utunzi aliotia saini na Balk, hata hivyo, ulikuja kufufuka mahakamani karibu nusu karne baadaye.

Miaka miwili baadaye alikuwa akiimba katika baa zilizo karibu na mto, mojawapo ikiitwa The Sewer. Waliomkuta huko walikuwa Mike Theodore na Dennis Coffey, watayarishaji wa muziki. Coffey alikuwa pia mmoja wa wapiga gitaa wa studio za Motown. Wote wawili walisimulia baadaye jambo lilelile: moshi mzito wa sigara, na mwimbaji aliyeupa umati mgongo, akiimba kuelekea ukutani. Walimpeleka kwa Clarence Avant, mfanyabiashara Mweusi aliyekuwa ametoka tu kuanzisha kampuni ya Sussex huko California. Rodriguez akawa mmoja wa wasanii wake wa mwanzo.

Albamu ya kwanza, Cold Fact, ilirekodiwa Detroit mwaka 1969 na kutolewa Machi 1970, ikiwa na nyimbo 12. Sauti na gitaa la Rodriguez ndivyo vilivyotangulia. Vyombo vingine vikaongezwa juu yake, pamoja na besi, ngoma, fidla, matarumbeta na milio ya ajabu ya elektroniki iliyokuwa ikipendwa wakati huo. Wimbo wa kufungulia, "Sugar Man", unahusu muuza dawa za kulevya na mteja aliyechoka na maisha. Jalada lina picha ya mwanamume amekaa amekunja miguu ndani ya tufe, amevaa kofia pana na miwani myeusi. Picha hiyo, ambayo haikuonyesha macho wala haikueleza lolote, ilikuja kuwa sehemu kubwa ya kile ambacho wapenzi wake wa ng'ambo walikijua juu yake kwa robo karne. Majina ya watunzi kwenye santuri yaliongeza fumbo: baadhi ya nyimbo ziliandikwa kwa jina la Jesus Rodriguez, nyingine Sixth Prince.

Marekani haikuinunua Cold Fact. Avant hakukata tamaa mara moja. Alilipa gharama za albamu ya pili, na safari hii Rodriguez akapelekwa London kurekodi na mtayarishaji Steve Rowland, Chris Spedding akiwa kwenye gitaa. Coming from Reality ilitoka Novemba 1971. Ni albamu tulivu zaidi, yenye fidla nyingi, na imefungwa kwa "Cause", wimbo wa mtu aliyepoteza kazi Krismasi ikikaribia. Albamu hiyo nayo ilianguka. Wiki mbili kabla ya Krismasi ya mwaka huohuo Sussex ikamwacha. Coffey na Theodore walirekodi naye nyimbo tatu nyingine mwaka 1972, zikiwa mwanzo wa albamu ya tatu ambayo haikukamilika. Sussex yenyewe ilifungwa mwaka 1975.

Sababu za kuanguka huko zimejadiliwa sana, na hakuna moja inayotosha. Muziki wenyewe haukuwa duni: kampuni hiyohiyo ya Sussex ilimtoa Bill Withers mwaka 1971 na "Ain't No Sunshine" ikavuma. Lakini Withers alikuwa na mahali pake katika redio za Weusi. Rodriguez alikuwa Mmeksiko aliyeimba muziki ulioonekana kuwa wa vijana wa Kizungu, na vituo vya redio vya Marekani, vilivyogawanywa kwa rangi na mitindo, havikujua vimweke wapi. Zaidi ya hayo, hakuwa mtu wa kujinadi. Mwimbaji anayeupa umati mgongo hauziki kirahisi.

Basi akarudi kwenye vibarua. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kubomoa na kukarabati nyumba, kazi isiyokosekana katika mji unaobomoka. Mwaka 1976 alinunua nyumba chakavu kwenye mnada wa serikali kwa dola 50, akaendelea kuishi humo hata baada ya kuwa maarufu. Alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Wayne State na kupata shahada mwaka 1981. Aligombea pia umeya wa Detroit mwaka 1981 na 1993, udiwani mwaka 1989, na ubunge wa jimbo mwaka 2000, bila kushinda hata mara moja. Wenzake wa kazini walimkumbuka kama mtu aliyekuja kubeba matofali amevaa suti.

Huku akichanganya saruji, santuri zake zilikuwa safarini. Kituo kimoja kilikuwa Australia. Watangazaji wa Sydney walianza kupiga "Sugar Man" katikati ya miaka ya 1970, wanunuzi wakaitafuta, na kampuni ya Blue Goose ikanunua haki za kuzitoa nyimbo hizo huko. Mkusanyo uitwao At His Best ulitoka mwaka 1977, ukiwa pamoja na zile nyimbo tatu za 1972. Mwaka 1979 Rodriguez aliitwa kufanya ziara Australia, na mwaka 1981 akarudi tena, safari hii pamoja na bendi ya Midnight Oil. Albamu iliyorekodiwa jukwaani katika ziara ya kwanza ilipewa jina Alive, kwa mzaha, kwa kuwa uvumi kwamba amekufa ulikuwa tayari umeanza kuenea. Ziara zilipokwisha alirejea Detroit na kushika tena nyundo.

Afrika Kusini ni habari nyingine. Cold Fact ilitolewa huko mwaka 1971 na tawi la kampuni ya A&M. Simulizi moja inasema nakala ya kwanza iliingizwa na msichana wa Kimarekani aliyekuja kumtembelea mchumba wake. Iwe kweli au hadithi tu, santuri ilienea kwa mkono na kwa kaseti zilizonakiliwa. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Makaburu, ikitengwa na dunia na yenyewe ikijifungia. Televisheni iliruhusiwa mwaka 1976 tu, na shirika la utangazaji la serikali, SABC, lilikuwa na wadhibiti waliosikiliza kila wimbo kabla haujapigwa. Wimbo uliokataliwa haukuandikiwa barua peke yake: nakala ya santuri iliyomo maktabani ilikwaruzwa kwa chombo chenye ncha kali, mtangazaji asiweze kuucheza hata akitaka. "Sugar Man" ni miongoni mwa nyimbo zilizokwaruzwa hivyo.

Wasikilizaji wake wakuu walikuwa vijana wa Kizungu, na hapa hadithi huhitaji uangalifu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana hao walilazimishwa kwenda jeshini, wengi wakipelekwa kwenye mipaka ya Namibia na Angola. Kaseti za Rodriguez zilizunguka kambini. Kwa kijana aliyelelewa kumtii baba, mchungaji na afisa, kusikia mtu akiikejeli serikali na kanisa kwa sauti ya upole lilikuwa jambo geni kabisa. Wanamuziki wa Kiafrikana waliokuja kuunda vuguvugu la Voëlvry mwishoni mwa miaka ya 1980, akina Koos Kombuis na Johannes Kerkorrel, walikua katika kizazi hicho, na baadhi ya wenzao wamemtaja Rodriguez kama mlango wao wa kwanza. Kusema kwamba nyimbo zake ziliuangusha ubaguzi wa rangi, kama inavyosemwa mara nyingine, ni kupita kiasi. Weusi waliokuwa wakifungwa na kuuawa walikuwa na waimbaji wao, kuanzia Miriam Makeba aliyenyimwa kurudi kwao hadi kwaya za mazishini, na wengi wao hawakumjua kabisa mtu wa Detroit. Alichokifanya Rodriguez ni kidogo zaidi, nacho si haba: aliwapa baadhi ya watoto wa watawala maneno ya kutilia shaka nyumba walimozaliwa.

Katika nchi hiyo iliyofungwa, nyimbo zilijulikana kwa moyo lakini mwimbaji hakujulikana hata kidogo. Magazeti ya Marekani hayakuwa na la kusema juu yake, na majarida ya Afrika Kusini hayakuwa na wa kumuuliza. Pengo hilo likajazwa na uvumi. Ilisemwa alijimiminia mafuta na kujichoma moto jukwaani. Ilisemwa alijipiga risasi mbele ya umati uliomzomea. Ilisemwa alikufa kwa dawa za kulevya, au gerezani. Kila mji ulikuwa na kifo chake. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo maelfu ya Waaustralia walikuwa wamemwona kwa macho akiimba, lakini habari hiyo haikuvuka Bahari ya Hindi.

Pesa nazo hazikufika kwake. Wakuu wa kampuni za santuri za Afrika Kusini walikuja kukadiria kwamba mauzo yalifikia takriban nakala nusu milioni kwa miaka yote, wakisema mrabaha ulipelekwa Marekani. Rodriguez alisema hakupokea kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa madaftari yalikuwa mengi mno: haki zilipita kutoka kampuni hadi kampuni, moja imefungwa, nyingine imeuzwa, na majina ya watunzi kwenye lebo hayakulingana. Afrika Mashariki inaijua hali ya namna hii kupitia "Malaika", wimbo uliorekodiwa na Fadhili William, ukaimbwa na Makeba na wengine duniani kote, huku umiliki wake ukigombaniwa miaka nenda miaka rudi.

Utafutaji ulianzia Cape Town. Stephen Segerman, sonara aliyekuwa pia mpenzi mkubwa wa muziki, alikuwa na jina la utani la Sugar tangu jeshini, kwa sababu ya ukoo wake kutamkwa vibaya na kwa sababu ya wimbo ule. Coming from Reality ilipotolewa kwa CD nchini humo mwaka 1996, aliombwa asaidie kuandika maelezo ya ndani ya jalada. Akaandika ukweli: hakuna anayejua lolote juu ya msanii huyu, na je, hakuna mpelelezi wa muziki atakayemtafuta? Wito huo ukasomwa na Craig Bartholomew Strydom, mwandishi wa habari, ambaye naye alikuwa na swali hilohilo kichwani: Rodriguez alikufaje?

Strydom alianza kwa kufuata pesa, akagonga ukuta. Akafuata mashairi, akizichambua nyimbo moja baada ya nyingine akitafuta majina ya mahali. London ilitajwa, Amsterdam ikatajwa, lakini hazikumfikisha popote. Hatimaye katika wimbo "Inner City Blues" akasikia Dearborn. Alipofungua ramani akakuta ni mji ulioshikana na Detroit, na Detroit ilimpeleka kwa Mike Theodore, aliyekuwa bado hai na mwenye simu. Mwaka 1997 Strydom alimpigia na kumuuliza juu ya kifo cha Rodriguez. Theodore akamjibu kwamba Rodriguez hakufa. Yupo Detroit, mzima wa afya. Wakati huohuo Segerman na wenzake walikuwa wamefungua tovuti ya kumtafuta, yenye picha ya Rodriguez kwenye boksi la maziwa, kama Wamarekani walivyokuwa wakitangaza watoto waliopotea. Binti mkubwa wa Rodriguez, Eva, aliiona, akaandika ujumbe. Segerman alipewa namba, na usiku mmoja simu ya nyumbani kwake ikaita. Sauti ya upande wa pili aliitambua mara moja kutoka kwenye santuri.

Machi 1998 Rodriguez aliwasili Afrika Kusini pamoja na mabinti zake. Mandela alikuwa rais, nchi ilikuwa imebadilika, na wale vijana wa kambini walikuwa watu wazima wenye watoto. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 6 Machi katika uwanja wa mbio za baiskeli wa Bellville, Cape Town, mbele ya maelfu ya watu, akisindikizwa na bendi ya hapohapo, Big Sky. Wengi walikuja wakishuku kwamba wataletewa mwigaji. Besi ya "I Wonder" ilipoanza, umati ulipiga kelele kwa dakika kadhaa kabla hajaimba neno, naye akasimama kimya akiwatazama. Aliimba akiwa amewaelekea. Ziara hiyo ilikuwa na maonyesho sita, yote yakajaa. Kisha akarudi Detroit kwenye vibarua. Baadhi ya waliofanya naye kazi hawakuamini aliposimulia, hadi waonyeshwe picha.

Kwa miaka kumi iliyofuata umaarufu wake ulikua polepole na kwa njia za pembeni. Rapa Nas alitumia kipande cha "Sugar Man" katika wimbo wa mwaka 2001, na mwaka 2002 DJ David Holmes wa Ireland ya Kaskazini akauweka wimbo huo katika mkusanyo wake. Kampuni ya Light in the Attic ya Seattle ilizitoa upya albamu zote mbili mwaka 2008 na 2009, na kwa mara ya kwanza magazeti ya Marekani yakamwandika kwa uzito. Alikuwa na umri wa miaka 66.

Kilichomfikisha duniani kote ni filamu. Malik Bendjelloul, Mswidi aliyekuwa akizunguka Afrika mwaka 2006 akitafuta visa vya kutengenezea vipindi, alikutana na Segerman Cape Town na kukisikia kisa hiki. Kukamilisha filamu kulimchukua miaka kadhaa. Fedha zilipomwishia alipiga baadhi ya picha kwa simu ya mkononi yenye programu ya bei ya dola moja, inayoiga mwonekano wa filamu za zamani. Searching for Sugar Man ilifungua tamasha la Sundance Januari 2012, na Februari 2013 ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Rodriguez hakuhudhuria, alisema hakutaka kuwafunika watengenezaji wa filamu, na tuzo ilipotangazwa alikuwa amelala. Bendjelloul alifariki kwa kujiua Mei 2014, akiwa na umri wa miaka 36.

Filamu hiyo ni nzuri, na ina pengo kubwa. Australia haimo. Mtazamaji anaachwa akiamini kwamba kati ya 1971 na 1998 Rodriguez hakuwahi kusimama mbele ya umati uliompenda, jambo ambalo si kweli. Mkato huo uliukaza mkasa, lakini ulimwondolea Rodriguez sehemu ya maisha yake, na wakosoaji wa Australia hawakusita kulisema hilo. Jambo jingine ambalo filamu iliuliza bila kulimaliza ni mrabaha. Clarence Avant alipoulizwa mbele ya kamera pesa zilikwenda wapi, alikasirika. Mwaka 2014 kampuni ya Harry Balk ilimshtaki Avant, ikidai kwamba majina bandia ya watunzi katika Cold Fact yaliwekwa makusudi ili kuukwepa mkataba wa miaka ya 1960. Hivyo majina ambayo kwa miaka mingi wapenzi wa muziki waliyaona kuwa fumbo la kisanii yakageuka kuwa suala la mawakili.

Baada ya filamu Rodriguez alifanya ziara Ulaya, Marekani, Australia na Afrika Kusini, akajaza kumbi kubwa. Macho yake yalikuwa yamedhoofishwa na glakoma, hata akahitaji kushikwa mkono kufikishwa kwenye kipaza sauti. Mapato mengi aliwagawia jamaa na marafiki, mwenyewe akabaki katika nyumba ile ya dola 50. Mei 2013 Wayne State ilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari. Mwaka 2015 Strydom na Segerman walichapisha kitabu kuhusu maisha yake na jinsi walivyomtafuta.

Rodriguez alifariki Detroit tarehe 8 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 81. Avant alifuata siku tano baadaye, tarehe 13 Agosti. Albamu ya tatu ya studio haikukamilika kamwe, ingawa watayarishaji kadhaa walijitolea. Kazi yake yote ya studio ni nyimbo 12 za Cold Fact, 10 za Coming from Reality, zile tatu za mwaka 1972 na santuri ndogo ya Impact. Zilizobaki ni rekodi za jukwaani.